Moyo Ulioachwa Mtini

Hadithi ya kima na papa wengi wetu tuliisikia kabla hatujajua kusoma. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Papa anakuja kila siku, kima anamrushia matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Wakifika katikati ya maji anamtobolea siri: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anamuuliza mbona hakumwambia mapema, maana kima wakisafiri huacha mioyo yao mtini. Papa anageuza njia, kima anarukia tawi lake, na urafiki unaishia hapo.

Edward Steere aliichapisha hadithi hii London mwaka 1870, katika kitabu cha hadithi alizosimuliwa Unguja. Humo inaitwa hadithi ya punda wa dobi, kwa kuwa kima akishakuwa salama mtini anamsimulia papa kisa kingine, cha punda. Mimi niliisikia darasa la pili huko Bomet, mbali kabisa na bahari, na sidhani mwalimu aliyetusimulia aliwahi kumwona papa. Nilikua nikiamini ni hadithi ya pwani, basi. Kisha jioni moja mjini Kericho nikamsikia mama mmoja kutoka Nagpur akiwasimulia watoto wake kwa Kimarathi. Sikujua neno hata moja la Kimarathi, lakini niliitambua kwa mikono yake: mti, mgongo, maji, kifua.

Kwake papa ni mamba. Mkuyu ni mzambarau. Sultani hayupo, anayeutaka moyo ni mke wa mamba, na hoja yake ni kwamba mnyama anayekula zambarau tamu kila siku lazima moyo wake nao uwe mtamu. Ndivyo ilivyo katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa Kisanskriti, na hata yule punda yumo humo humo. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliuweka mkusanyiko huo katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na huko mamba akawa kobe. Kufika Unguja alikuwa papa. Kila mahali mnyama anabadilika, lakini moyo unaachwa mtini.

Nyumbani kwa mama huyo nilifikishwa na njaa, kusema kweli. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu baada ya karo kutushinda. Nikapanga chumba Kericho nikaanza kuishi kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, makala za tovuti, tafsiri za vipeperushi, chochote kinacholipwa kwa neno. Maneno ni mengi ila bei yake ni ndogo. Rafiki aliponiambia kuna familia ya Wahindi inatafuta mtu wa kuwafundisha watoto Kiswahili, sikuuliza mara mbili.

Ukisema Mhindi mjini Kericho, watu wanafikiria kwanza wale wa zamani. Wenye maduka na gereji, wanaotania kwa Kipsigis kuliko vijana wetu. Hekalu la Masingasinga ni jeupe na kubwa, na mgeni yeyote anakula bila kuulizwa dini. Baba Puran Singh aliishi na kufanya kazi hapa kabla ya kuhamia Uingereza, na mpaka leo wafuasi wake wa Birmingham wanamwita mtu wa Kericho. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hata chai yenyewe ni mgeni kutoka kwao, kwani mbegu zilizopandwa Limuru mwaka 1903 zilitoka India.

Familia yangu hii haikuwa ya hao. Baba alikuwa mhandisi wa mitambo ya kiwanda cha chai, kwa mkataba wa miaka michache. Walikuja na mabegi, na kwa kuwa kila abiria hupewa kilo zake kwenye ndege, mama alichukua sari tatu na zilizobaki akazijaza vitabu vya watoto. Mimi nilimwita Mama, yeye akaniita Mwalimu. Watoto walimwita Aai, ambalo ni neno lao la mama. Binti alikuwa na miaka tisa na mdogo wake wa kiume alimwita Tai, yaani dada mkubwa, basi nami nikamwita hivyo. Nilipomwambia kwamba kwetu tai ni ndege, alitembea wiki nzima akiwa amenyoosha mabawa.

Kati ya vitabu hivyo kimoja kilikuwa na cheo chake. Kinaitwa Shyamchi Aai. Kiliandikwa na Sane Guruji mwaka 1933 akiwa gerezani Nashik, wakati wa harakati za kudai uhuru kutoka kwa Waingereza. Ni kijana anayesimulia jioni baada ya jioni jinsi mama yake, mwanamke maskini wa Konkan, alivyomlea. Aai alisomewa kitabu hicho na mama yake mpaka jalada likachomoka. Nakala aliyokuja nayo Kericho ilikuwa ile ile, imeshonwa kwa uzi.

Tai hakukitaka. "Ni kitabu cha kulia tu, Mwalimu," aliniambia. "Kila ukurasa mtu analia." Aliyasema hayo kwa Kiswahili, mbele ya mama yake, kwa kuwa Kiswahili cha Aai kilikuwa cha sokoni, cha bei na kilo. Kumbe lugha niliyolipwa kumfundisha alikuwa ameshaifanya lugha ya siri. Aai akaniangalia akisubiri nimweleze. Nikamwambia mtoto ana maswali kuhusu kitabu.

Alichokipenda Tai kilikuwa Tinkle, jarida la katuni lililoanza mwaka 1980, na hasa Suppandi, mtumishi anayefuata maagizo neno kwa neno hadi nyumba inageuka juu chini. Tinkle lilianzishwa na Anant Pai, yule yule aliyeanzisha Amar Chitra Katha mwaka 1967. Husimuliwa kwamba aliona kwenye televisheni ya Delhi watoto wa Kihindi wakijibu maswali kuhusu miungu ya Wagiriki bila shida, kisha wakashindwa kumtaja mama yake Rama. Hapo hawakuwa wametoka hata nje ya mji wao. Nilipenda kisa hicho. Kilinionyesha kwamba mtu anaweza kuwa ng'ambo akiwa amekaa sebuleni kwao.

Nikamletea Tai katuni za Abunuwasi alizochora Gado. Tukawalinganisha: mmoja mjinga, mwingine mjanja, na wote wawili bwana mkubwa hawawezi. Tulicheka mpaka Aai akaja mlangoni. "Mwalimu," akasema, "sikubeba vitabu baharini kote ili mtoto asome vya mpumbavu." Hakuwa akitania.

Nilimwelewa siku za Jumapili. Saa kumi na mbili jioni Nagpur walipiga simu ya video. Bibi, mama mzaa Aai, alijitokeza kwenye kioo akiwa ameisogeza simu hadi karibu na pua, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alimuuliza Tai kitu kwa Kimarathi. Tai akajibu kwa Kiingereza. Bibi akanyamaza akitabasamu, na Aai, aliyekaa katikati, akatafsiri huku na huko kama mkalimani wa kortini. Baada ya dakika tatu Tai akasema bai. Bibi aliendelea kutabasamu hata kioo kilipozimika.

Siku moja tukiwa jikoni, mvua ya mawe ikipiga mabati hadi hatukusikia sufuria ikichemka, Aai aliniambia bila mimi kuuliza. Hakuogopa Tai kumsahau Rama. Hilo lingekuja lenyewe, kwenye filamu na kwenye sherehe. Aliogopa siku ambayo mtoto wake angeketi mbele ya mama yake na wasiwe na la kuambiana. Na mama yake hakuwa na miaka mingi. Kitabu kilikuwa njia pekee aliyoijua, kwa kuwa ndiyo aliyopitishwa yeye.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hadithi ya kima tu. Basi jioni ile aliposimulia, nami nikaitambua kwa mikono yake, nikasema, ngoja, hii naijua. Nikaisimulia kwa Kiswahili. Tai akasimama juu ya kiti. Papa? Sultani? Akamgeukia mama yake kumweleza, kwa Kimarathi, kwamba Mwalimu ameikosea. Nami nikamtuma amwulize mama ni nani aliyesema ni mzambarau. Aai akajibu kwa hasira ya kuchezea. Ilibidi kila kitu kipitie kwa Tai, maana mimi na mama yake tungezungumza Kiingereza lakini mtoto hakuturuhusu. Hadithi ilikuwa ya lugha mbili na yeye ndiye aliyekuwa na zote mbili. Alikwama, akauliza neno, akapewa, akaendelea. Sijawahi kumsikia akiongea Kimarathi kirefu namna ile.

Ikawa desturi ya Jumanne na Alhamisi. Tulipoishiwa na hadithi za kichwani, tuliingia StoryWeaver, jukwaa lililofunguliwa mwaka 2015 na Pratham Books wa Bengaluru, ambako hadithi za picha husomwa bure na mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitafsiri. Zipo za Kimarathi, zipo za Kiswahili. Tulitafuta iliyo na lugha zote mbili. Aai alisoma ukurasa wake, nami nikasoma wangu, na watoto wakawa waamuzi wa kututafutia makosa. Polepole Aai aliacha kufunga kitabu na kuuliza funzo lake ni lipi. Shyamchi Aai kilirudi kwenye rafu, na hakuna aliyekitaja.

Jumapili moja nilikuwa pale, mvua ilikuwa imenizuia. Simu ilipoita Tai aliichukua kutoka mkononi mwa mama yake akaanza kumsimulia bibi habari za kima, ile ya kwetu, kwa Kimarathi. Alipofika kwa papa hakujua neno lake, akaliacha la Kiswahili. Sasa papa, kwa Wahindi wengi, ni baba. Bibi akashtuka: baba yake Tai anafanya nini baharini na nyani mgongoni? Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ya kichwani, au ushungi wake, sijui wao huuitaje, ukaanguka. Tai akacheka, akajaribu kueleza, akakosea zaidi. Walizungumza dakika ishirini. Aai alienda jikoni akafungua bomba la maji na kuliacha likimwagika, na mimi nikajifanya nasoma.

Mkataba uliisha na wakahamia nchi nyingine, si India bado. Tinkle zote niliachiwa mimi. Kile kilichoshonwa kwa uzi Tai alikipakia kwenye begi lake mwenyewe. Sijui kama amekisoma.

Baada yao ndipo nilipoisikia nyumba yetu. Dada yangu anaishi Nakuru na mwanawe ana miaka mitano. Likizo zikifika tunampandisha matatu hadi Bomet kwa Kogo, nyanya yetu, ambaye amechuma chai maisha yake yote na ambaye Kiswahili chake ni cha kituo cha kupimia majani. Kogo anamuuliza mtoto kwa Kipsigis kama amekula. Mtoto anamjibu kwa Kiswahili, au ananiangalia mimi. Na mimi katikati, natafsiri. Hakuna aliyepanda ndege. Serikali inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, lakini nyumbani kwetu vitabu vya Kipsigis ni viwili, Biblia na cha nyimbo.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Hadithi za Kogo nilianza kuziandika jioni, mtoto akiwa hapo hapo akichora pembeni, kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba asiye na kazi katika hadithi hulala. Chemosit, zimwi la kwetu, ana miguu mitano katika michoro yake, na Kogo ameikubali.

Kisha nikamsimulia Kogo ya kima na papa ili tuiandike kwa Kipsigis. Akanisimamisha. Papa ni nini? Nikamwambia samaki mkubwa wa bahari. Akatikisa kichwa. Hapa pana mto, akasema, weka mto. Na kwenye mto anayekula watu ni mamba, kule chini Mara wamejaa, kwa hiyo weka mamba. Na mti? Mkuyu haukumpendeza. Akasema lamaiywet, ule wa kandokando ya mto wenye matunda meusi yanayopaka ulimi rangi. Nilitafuta baadaye jina lake la kisayansi nikakuta ni Syzygium, ukoo mmoja na mzambarau wa India.

Sikumwambia Kogo kwamba amemrudisha mamba alikotoka miaka elfu na zaidi iliyopita, pamoja na mti wake. Angeniuliza nani alimtoa. Nilimtumia Aai ujumbe, na siku iliyofuata likaja jibu la sauti, la Tai, kwa Kiswahili: niliwaambia.

Hadithi nne zimekamilika kwenye daftari. Ya tano Kogo bado anaibishania, na mtoto amechukua upande wake.