Tequila: mji, mashamba ya buluu na glasi nyepesi



Wiki hii tutembee mbali, mpaka Meksiko. Ukitoka mji mkubwa wa Guadalajara, jimbo la Jalisco, ukifuata barabara ya kaskazini-magharibi kilomita kama 60, unafika mji mdogo wa Tequila, chini ya volkano yenye jina hilohilo. Kandokando ya barabara mashamba yana rangi ya buluu. Mmea wake ni agave, ndugu ya mkonge. Mwaka 2006 UNESCO iliandika mashamba hayo na viwanda vyake vya zamani katika urithi wa dunia.

Kazi ya huko inataka subira. Agave hukaa shambani miaka 6 hivi, mara nyingine zaidi. Mvunaji anakata majani yote mpaka ubaki moyo tu, ambao wenyewe wanauita nanasi kwa sababu ya umbo lake. Moyo unapikwa, unakamuliwa, maji yake yanachacha, halafu yanapitishwa motoni, kama tunavyojua kwa lutuku. Ndiyo tequila.

Wenyeji wanapenda kuichanganya na pamplemusi, ndimu na chumvi. Kinywaji hicho kinaitwa paloma, maana yake njiwa. Wengi hutumia soda ya pamplemusi, na hapo ndipo penye hatari: sukari inaficha ukali, mtu anamaliza glasi tatu akidhani amekunywa soda. Ukikamua tunda mwenyewe, unajua ulichoweka.

Kwa glasi moja:
– tequila vijiko vikubwa 2 (mililita 30);
– maji ya nusu pamplemusi lililoiva;
– maji ya nusu ndimu;
– chumvi kidogo sana, hiyo hupunguza uchungu wa tunda;
– barafu, kisha jaza kwa maji ya gazi yasiyo na sukari.

Usikamue kwa nguvu mpaka kwenye ganda jeupe. Uchungu unatoka huko.

Sasa hesabu ndogo. Tequila ya 40% katika mililita 30 inaleta mililita 12 za pombe tupu. Mkono mzito ukimimina 60, ni 24. Kwa macho glasi ni ileile, lakini kichwa kitaona tofauti. Basi pimeni kwa kijiko, hasa mnapopokea wageni watakaoendesha gari au pikipiki.

Neno moja la afya: pamplemusi, hata bila pombe, linaweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za tansiyo na za kolesteroli. Anayemeza dawa hizo amuulize muganga kwanza. Mama mjamzito asiguse pombe. Watoto pia.

Kwa wasiokunywa pombe, isipokuwa wanaomeza dawa hizo, tayarisheni jagi la pili: pamplemusi, ndimu, chumvi, maji ya gazi na kijiko cha asali. Liwekeni mezani pamoja na lile la kwanza, katika glasi za namna moja, ili asiyekunywa pombe asilazimike kujieleza mbele ya watu.