Usimwandikie mtu kabla hamjaandikiana

Bula Iftin,
Garissa.

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo, goti limepoa. Mbuzi wamerudi kutoka Balambala, wawili hawakuonekana.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya neno nililolisikia sokoni. Wanasema umeacha kazi ya shirika kule Dadaab, sasa uko Eastleigh, unaziandikia kampuni na kuwahariria wafanyabiashara kwa kujitegemea. Hilo silipingi. Kalamu imenilisha miaka mingi. Kilichoninyima usingizi ni kusikia kuna mtu umemwandikia mpango wa biashara na ripoti ya mwaka mzima, mwezi wa tatu huu hujaona shilingi, na mkataba hamna kwa kuwa "ni mtu wetu".

Hilo neno "mtu wetu" nalijua, mwanangu.

Mwaka 1992, kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kule Dadaab zilipokuwa zimefunguliwa, kila mwenye lori mjini alitafuta zabuni. Mimi nilikuwa na taipureta kibarazani, jirani na ofisi ya mkuu wa wilaya. Akaja mfanyabiashara mmoja, tumehusiana upande wa bibi. Alitaka barua moja tu. Barua ikazaa orodha ya bei, orodha ikazaa maelezo ya malori na maghala, kisha bei zikabadilika, nikaanza upya. Siku kumi na moja niliwasha kandili. Zabuni akaipata. Nilipomwendea akasema ningoje mzigo ufike. Mzigo ulipofika akaniuliza, "Umetumia karatasi ngapi nikulipe? Maneno si ulikuwa nayo?"

Nikampeleka kwa wazee. Wakaniuliza mawili: mlipatana kiasi gani, na nani alikuwepo? Sikuwa na jibu. Mimi niliyewaandikia watu wa mji huu hati za ploti na za ngamia, sikujiandikia hata mstari mmoja. Mama yako alikuwa kidato cha tatu; muhula ule alikaa nyumbani kwa kukosa karo. Yeye hajanilaumu hata siku moja. Mimi yule mtu bado sijamsamehe.

Wewe umehifadhi sura ya Baqara hapa hapa, kwenye dugsi, madrasa ya mtaani. Aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana deni. Inatutaka tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, na tuweke mashahidi. Na wewe unayefanya kazi leo ili ulipwe mwezi ujao ni mkopeshaji, hata kama hujioni hivyo. Pale soko la mifugo ng'ombe hapandi lori la Nairobi kabla bei haijakatwa mbele ya dalali. Kazi yako ni ngumu kulinda kuliko ng'ombe: ukishaituma, mwenzako anayo yote, na wewe huna kamba ya kushika.

Karatasi moja yatosha: kazi ni ipi, ina kurasa ngapi, marekebisho ni mara ngapi, malipo kiasi gani na siku gani. Chukua arbuni ya nusu kabla hujaandika neno la kwanza. Huko si kumtukana ndugu. Ndugu wengi wamegombana kwa lile ambalo halikuandikwa.

Mengine ni mafupi. Kampuni ikikukata ile kodi ya zuio ya asilimia 5, dai cheti chake. Siri ya mteja mmoja isifike kwa mwingine. Na usimwandikie mwanafunzi wa ng'ambo insha yake ya chuo, hata akulipe kwa dola. Huko ni kumsaidia mtu kusema uongo.

Usiidharau karatasi. Mwaka 1989 serikali ilipowahakiki Wasomali wa Kenya, yupi raia na yupi si raia, wazee waliozaliwa ukingoni mwa Tana walipanga foleni kibarazani kwangu niwaandikie maelezo yao. Mtu alikuwa kwao, na bado aliulizwa karatasi.

Basi mwendee huyo mteja wako kabla ya Ijumaa. Usimgombeze. Mwambie mjomba wako anataka kuona mlichopatana, kiandikwe sasa, atie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Akikataa, usimpe hata ukurasa mmoja zaidi. Nakala nitumie kwa basi.

Barua hii nami nimeipiga kwa kaboni. Nakala yake ninayo sandukuni.

Ni mimi mjomba wako.