Chini ya gari ya mzee

Jamani, mwenye gari ya mzee nyumbani, ile iliyokwishakuwa kama mtu wa ukoo, leo naomba dakika zako tano.

Ya kwetu ni gari ndogo nyeupe ya Kijapani, ya miaka ya tisini. Ilivuka kutoka Unguja ikashushwa Mkoani nikiwa bado skuli. Imebeba maharusi, imebeba magunia ya karafuu, imempeleka bibi hospitali usiku wa manane. Na inang'aa! Baba huiosha kila Ijumaa, na mwaka juzi aliipaka rangi mpya. Ukiikuta imeegeshwa Machomanne utasema imeshuka melini jana.

Mwezi uliopita ikaanza kulia kila ikipita kwenye tuta. Baba akasema shokapu hizo. Fundi akaipandisha jeki, akaweka magogo, akaingia chini na bisibisi. Nikawa namsikia anagonga: ko, ko, ko… halafu mlio ukabadilika, puf.

"Ami, hebu njoo uone."

Bisibisi imezama kwenye chuma mpaka mpini! Na si chuma cha pambo, ni ile boriti inayobeba injini na mikono ya magurudumu ya mbele. Fundi akaendelea. Paipu ya breki ya nyuma imevimba kutu kama mzizi wa muhogo. Tukafunua kapeti upande anaokaa mama: puti na rangi, chini yake unaona majani. Baba hakusema kitu.

Paipu ile ikipasuka, mafuta ya breki yanamwagika na mguu wako unazama na pedeli. Gari nyingi zina njia mbili za breki, ikienda moja inabaki nusu. Haya, nusu hiyo uijaribu kwenye miteremko ya njia ya Mkoani, gari imejaa watoto.

Kwa nini chini kuoze na juu kung'ae? Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo chuma hakikauki hata siku ya jua kali, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya mvua. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa 23. Utaikimbilia wapi bahari? Ongeza udongo mwekundu unaoziba vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Ongeza ndoo za samaki kwenye buti, maji yake yanachuruzika chini ya kapeti na hakuna anayejali ila harufu. Sisi tunaosha boneti. Puti nayo, likipakwa juu ya kutu, linafungia unyevu ndani na kazi inaendelea kimyakimya.

Wala usidhani ni umasikini wetu tu. Marekani, kwenye majimbo wanayomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, chesisi za pikapu za Toyota Tacoma za 1995 hadi 2000 zilioza mpaka mwaka 2008 kampuni ikaongeza dhamana ya kutu ikawa miaka 15, na zile zilizooza sana ikazinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ikakubali mapatano ya hadi dola bilioni 3.4 kwa kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia. Wewe mwenye gari ya mkono wa tatu hapa Chake, utamshitaki nani?

Na Japani nako kuna theluji na chumvi ya barabarani. Kule mnadani kila gari ina karatasi ya ukaguzi: herufi S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa. Ukiagiza gari, idai karatasi hiyo kabla ya kutuma pesa. Kama gari iko hapa tayari, chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe kwenye madigadi na chini ya milango. Palipojaa puti haishiki. Halafu tandika mkeka, ingia chini, gonga. Muuzaji akikukataza, rudi nyumbani na pesa zako.

Turudi kwa mzee. Fundi mwingine amejitokeza, anasema atapachika bati juu ya boriti, apake rangi nyeusi, siku moja tu. Bei ya kutamanisha. Mimi nasema hapana: sakafu unaweza kukata palipooza ukachomelea bati jipya, paipu unabadilisha, lakini boriti iliyooza hata moto wa kuchomelea haina pa kushika. Inatakiwa nyingine nzima.

"Mbona imetembea miaka yote hii?" anauliza baba.

Anataka sakafu na paipu zifanywe sasa, boriti ingoje msimu wa karafuu. Fundi wetu amemjibu kwa adabu zote kwamba sakafu na paipu atafanya, ila gari haishuki kwenye magogo mpaka boriti ifike. Wiki ya tatu hii. Mama anapanda daladala.