Mchezo wa Parafujo

Mafundi wetu wana neno zuri kwa kasoro hii: husema chombo kinacheza. Usukani wa gari hucheza, bawaba ya mlango hucheza, na sekstanti, chombo cha baharia cha kupimia kimo cha jua na nyota juu ya upeo wa bahari, nayo hucheza. Mchezo wake ni uwazi mwembamba baina ya parafujo na meno ya tao lake. Ukiizungusha parafujo mbele, kisha ukairudisha nyuma, vidole huwa vimekwisha kutembea ilhali kioo kingali kimesimama.

Ninayo sekstanti ya namna hiyo, niliyorithi kwa mjomba wangu, aliyeitumia miaka mingi katika meli za mizigo. Mzunguko mmoja wa parafujo yake ni digrii moja, nao umegawanywa dakika 60. Dakika moja ya kimo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Nilipolishusha jua mpaka ukingo wake ukagusa upeo, nilisoma namba moja. Nilipolipandisha kutoka chini, nikasoma nyingine. Tofauti ilikuwa dakika mbili. Kwa aliyeketi barazani, hizo ni nini? Kwa chombo kinachotafuta mlango wa miamba, maili mbili ndizo zitengazo maji makuu na matumbawe.

Kasoro hazilingani. Iko ile ya kudumu: ukiulinganisha upeo katika vioo viwili, kipimo kilichopasa kusoma sifuri husoma, tuseme, dakika tatu. Hiyo haina hila. Huondolewa katika hesabu, yakaisha. Mchezo hubadilika kwa kufuata upande ulikotoka mkono. Kwa hiyo mjomba alinifunza adabu moja: kila kipimo kimalizikie upande ule ule. Ukiipita alama, usirudi kidogo. Rudi mbali, uje upya. Hata kasoro ya kudumu na ipimwe kwa mzunguko huo huo, ili mchezo uingie sawasawa pande zote mbili za hesabu, ujifute.

Fundi mmoja alitaka kuikaza parafujo isicheze kabisa. Nilikataa, kwani meno yakibanwa pasi na nafasi hukwama na kulika. Niliyasafisha kwa brashi laini, nikayatia mafuta mepesi. Mchezo ukapungua, haukwisha. Wahenga walituusia tuzibe ufa. Huu haukuzibika wote, ikabidi ujulikane.

Ndugu zangu huniuliza ya nini haya, na satelaiti zipo. Chuo cha wanamaji cha Marekani, Annapolis, kiliwahi kuacha somo la nyota, kikalirudisha mwaka 2015, maana mawimbi ya satelaiti huweza kuzuiwa. Hiyo ni hoja yao, nami naikubali. Yangu ni nyingine. Mjomba hakupata kushika chombo kisicho kasoro. Alijua tu kasoro ya chombo chake inatoka upande gani, na watu aliowachukua walifika bandarini.