Mwewe wa Koboko

Mjini Arua, Uganda, mwewe hatafutwi. Palipo na bucha yupo, anazunguka juu ya mabati akivizia kipande cha utumbo. Kazi huanza pale unapotaka kujua ni mwewe yupi, naye keshapaa, umebaki na picha tu.

Wapo wenyeji, nususpishi ya parasitus, wenye mdomo wa njano hadi nchani. Wapo na wageni kutoka Ulaya na Asia, migrans, wanaoingia kuanzia Oktoba na kurudi kwao karibu na Machi. Hao mdomo wao ni mweusi na kichwa kimepauka kuelekea kijivu. Ukisikia hivyo unadhani yamekwisha: tazama mdomo, andika jina.

Lakini mwewe mwenyeji akiwa mchanga, mdomo wake nao ni mweusi. Kazaliwa hapa hapa, na alama ile ile tunayoitegemea inamwita mgeni. Kwa hiyo mimi naanza na umri. Kifuani pana michirizi iliyopauka? Manyoya ya mgongoni yana ncha za rangi ya krimu? Basi huyu bado mtoto, mdomo wake usikupe haraka. Kisha natazama mwanga, kwa sababu ndege aliyepigwa picha dhidi ya anga jeupe la adhuhuri, hata mdomo wake wa njano hutoka mweusi kama makaa. Mkia nao una yake: ukifumbwa panda yake inaonekana wazi, akiutanua ili akate kona, ukingo unanyooka kabisa. Ndege ni mmoja, picha mbili zilizofuatana zinatoa majibu mawili.

Haya nayawaza zaidi nikiwa Koboko, wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ambako Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Mwaka 1909 eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 likawa Sudan, na mwaka 1914 likawa Uganda. Mtu angeweza kupitia tawala hizo zote bila kuhama nyumba. Baada ya vita vya 1979 wengi wa eneo letu hili la West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Watoto waliozaliwa huko walirudi na Kilingala au Kiarabu cha Juba mdomoni, wakaulizwa katika ardhi ya babu zao: wewe hasa ni wa wapi? Inaniuma kwamba lafudhi peke yake ilitosha kumgeuza mtoto wa nyumbani kuwa mgeni.

Kwa ndege nako, wataalamu wenyewe hawajapatana, maana wengine humhesabu mwewe wa mdomo wa njano kuwa spishi kamili. Kwa hiyo baadhi ya picha zangu naziandikia: mwewe, mchanga, Koboko, Januari. Sehemu ya nususpishi naiacha wazi. Kuna wanaoona huo ni uvivu. Mimi naona ndege yule anastahili kusubiriwa, mpaka apatikane mtu mwenye picha ya ubavuni, jua likiwa nyuma ya mpigapicha, kichwa na mdomo vikionekana pamoja.