Mmesikia? Tumesikia!

Kwetu Kasongo mwalimu akimaliza kusoma hadithi huuliza: «Mmesikia?» Nao wote hujibu: «Tumesikia!» Katika Kiswahili chetu kusikia ni kazi ya sikio, tena ni kufahamu. Basi mwalimu hajui ni sikio linalomjibu au ni kichwa.

Tunafundisha watu wazima kusoma, jioni, nyuma ya kanisa. Wengi nyumbani husema Kikusu, Kizimba au Kibangubangu. Kiswahili kililetwa huku na wafanya biashara wa pwani, watu wa Tippu Tip, ambao mji wao mkubwa ulikuwa Kasongo mpaka ulipotekwa mwaka 1893. Kisha kikakaa, kikawa chetu, kikashika njia yake. Siku moja tulitumia kitabu cha Tanzania, chenye habari za bibi anayempikia mjukuu uji. Tukauliza: «Bibi ni nani?» Mzee mmoja akajibu: «Ni mke wa baba yake mtoto.» Darasa likakubali. Hakukosa mzee yule, maana huku bibi ni mke, na huko Tanzania ni nyanya. Ilitupasa kumwonyesha neno mjukuu, lililokuwa mstari ule ule, maana neno hufunguliwa na majirani zake kabla ya kufunguliwa na kamusi.

Sisi wenyewe tulijibu maswali ya namna hii miaka mingi seminarini, kwa Kifaransa na Kilatini, na twaungama kwamba mara nyingi tulipata alama nzuri bila kufahamu kitu. Ujanja ni rahisi: tafuta katika hadithi maneno yaliyo katika swali, nakili yanayofuata. Tukataka kuwaonyesha wanafunzi wetu ujanja huo. Tukaandika ubaoni: «Mtengu alipirua kitaru mtoni.» Maneno ya kubuni, hayana maana. «Mtengu alipirua nini?» Wakajibu kwa sauti moja: «Kitaru!» «Alikipirua wapi?» «Mtoni!» Wangepata kumi juu ya kumi. Mama mmoja tu, aliyekimbia vita kutoka upande wa Kabambare, akainua mkono: «Mwalimu, kitaru kinaliwa?»

Habari tunayotaka kueleza ni ya mama huyo. Mwisho wa mwaka tuliwapa mtihani juu ya mfano wa Msamaria mwema, maswali kumi, na mwenye kupata sita ataruhusiwa kusoma somo mbele ya watu katika shirika lake. Hayo ndiyo aliyoyatamani. Swali la mwisho lilikuwa: «Nani alikuwa jirani wa mtu aliyepigwa?» Akaandika katika kaye yake: mwenye nyumba ya wageni. Tukapiga msalaba mwekundu. Akapata tano.

Hakulia, wala hakugomba. Alikuja baada ya wenzake kutoka, akasema: «Mwalimu, samahani, unisomee tena.» Tukasoma. Akasema: «Msamaria alimwuguza usiku mmoja, kesho yake akaenda zake. Aliyebaki na vidonda ni nani? Alipewa dinari mbili na ahadi. Sisi tulipofika hapa tulipokewa na watu, wakaambiwa msaada utakuja nyuma. Haukuja. Hawakutufukuza.»

Usiku ule hatukulala vizuri. Kwa upande mmoja alikosa: Bwana aliuliza juu ya watu watatu, kuhani, Mlawi na Msamaria, na mwenye nyumba hamo hayumo. Mtu hawezi kujibu swali jingine akadai alama. Tukiruhusu hivyo, kusoma kumekwisha, kila mmoja ataona katika karatasi anachotaka. Lakini tulipotazama mtihani wetu tukaona kwamba hatukuandika «katika wale watatu». Tuliliacha neno hilo, kwa haraka au kwa uvivu. Yeye alijibu swali kama lilivyoandikwa, akaleta na ushahidi wake toka katika hadithi: usiku mmoja, dinari mbili, ahadi. Na wale waliopata alama ya swali hilo? Tulimwuliza mmoja wao Msamaria ni mtu gani, na kwa nini ilikuwa ajabu yeye kumsaidia Myahudi. Akajibu: «Ni jina la mtu mwema.» Hakujua kwamba Wayahudi na Wasamaria walichukiana. Tulikuwa tumempa alama kwa kitaru.

Asubuhi tukaenda kwake. Alikuwa anatwanga sombe. Tukamwambia: «Mama, kosa lilikuwa letu, sasa una sita.» Akaufuta mkono, akaitazama kaye kwa muda mrefu.

«Hapana, Mwalimu,» akasema. «Watu watasema umenionea huruma. Niulize tena, kwa hadithi nyingine. Na mara hii uandike swali vizuri.»

Tumemwahidi Jumamosi. Maswali tumeyaandika mara tatu, na bado lile la nne halituridhishi.