Bakuli la mjohoro wa bibi

Mjohoro wa bibi uliangushwa na upepo usiku, mvua za vuli zilipoanza. Kulipokucha, watoto wa majirani walikuwa wameshaanza kubeba matawi. Mti huo ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yake, Ngulyati, wilayani Bariadi, tangu alipokuwa mama kijana. Chini yake walikaa waombolezaji wa babu. Chini yake ng'ombe wa mahari ya binti zake walijadiliwa mpaka jioni.

Wanawe wakubwa walipokuja kuutazama walisema neno moja tu: mkaa. Ni kweli mjohoro hutoa mkaa mzuri, na magunia yale yangelipa deni moja au mawili. Bibi hakukataa. Aliomba tu abakiziwe kitu kimoja cha kuweka mezani.

Ombi likamwangukia mwanawe wa mwisho, seremala wa vitanda na milango. Zamani angelimaliza kimyakimya. Lakini kiharusi kilimwachia mkono wa kulia usioweza kushika hata kikombe cha chai kilichojaa. Mwenye mikono miwili karakana sasa ni mwanawe wa miaka 17, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa kuwa baba huyu hakuwahi kumfundisha mtoto kwa maneno. Alikuwa na mtindo ambao wazazi wengi wanaujua: kijana akikosea kidogo, randa inanyakuliwa, "Lete hapa," baba anamalizia, mtoto anabaki kushika mbao. Miaka mitatu karakana, na kitu pekee ambacho kijana alikuwa amekitengeneza mwanzo hadi mwisho ni kibao cha kukatia nyama.

Walikata kipande cha shina, wakakipasua kupitia kiini, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Nje mti ulikuwa mweupe unaoelekea manjano. Ndani ulikuwa kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, umechorwa michirizi myembamba ya rangi ya mchanga iliyopinda na kupishana kama manyoya ya kwale. Bibi aliinama, akaigusa. Miaka yote hiyo aliukalia kivuli mti ule bila kujua umebeba nini.

Mashine ya kukereza waliyokuwa nayo ilikuwa ya miguu ya vitanda, inayoshika mti ncha zote mbili. Bakuli halitaki hivyo. Lazima lifungwe kwa skrubu upande mmoja tu, kwenye sahani ya chuma, ili tumbo lichimbike. Sahani hiyo alitengeneza fundi wa kuchomelea.

Siku ya kwanza baba aliketi kwenye kigoda. Kijana alikunja mikono ya shati, akavaa miwani na kufunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mjohoro huwasha macho na pua. Akasimama pembeni, akawasha mashine kwa mwendo wa chini. Dakika chache baadaye patasi ilizama, mti ukaruka na mashine ikalia.

"Lete hapa!"

Kijana akampa patasi. Baba aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulipanda mpaka kifuani, ukaishia hapo. Walisimama hivyo, mashine ikizunguka bure.

"Nieleze, baba," kijana akasema. "Usinionyeshe. Nieleze tu."

Baba alirudi kwenye kigoda. Ilimchukua muda kupata maneno ya kitu ambacho mikono yake ilikifanya tangu ujana. "Mgongo wa makali uguse mti kwanza," akasema hatimaye. "Halafu inua mpini polepole, mpaka patasi ianze kula yenyewe." Maranda yakaanza kutoka marefu, yakidondoka kwenye viatu vya kijana.

Bakuli la kwanza huachwa nene. Hilo la inchi kumi waliliacha na ukuta wa inchi moja, wakalifunga kwenye mfuko wa karatasi wa saruji ili maji yatoke polepole. Lilikaa chini ya kitanda cha bibi miezi mitano. Kila baada ya wiki mbili walilipima kwenye mizani ya duka. Lilipoacha kupungua uzito, walilifungua, likawa limejipinda mviringo wa yai, kwani mti haunywei sawasawa pande zote. Likarudi kwenye mashine, likakerezwa tena hadi unene wa kidole, kisha msasa, kisha mafuta ya pamba yaliyofutwa kwa kitambaa. Hapo michirizi ilijitokeza yote.

Ukingoni ulibaki ufa mdogo. Baba alitaka uzibwe kwa gundi na vumbi la mbao. Kijana alitaka uachwe. Baba alifungua mdomo, akatazama mkono wake, akaufunga.

Bibi huwekea humo kadi yake ya kliniki, miwani na simu. Wale wana wakubwa waliotaka mkaa sasa kila mmoja anataka bakuli lake, na nusu ya pili ya kipande kile bado imo mfukoni. Kijana ametaja bei ya shilingi 30,000. Baba anasema ndugu hawauziwi. Hawajaelewana.